Mkaidi, Mkali na Thabiti

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kupambanua maneno matatu yachanganywayo na wengi. Mkaidi ni yule akatazwaye akasikia, kisha akatenda vile vile. Ndiye asemwaye kuwa hafaidi mpaka siku ya Idi. Mkali huwatisha wenziwe: kisiwani Pemba wazee husimulia kwamba Mkama Ndume, mwenye ngome ya Pujini ya karne ya 15, aliwabebesha watu mawe hali wakisota chini. Thabiti hamtishi mtu, wala hakatai shauri jema, lakini haki haiachi. Basi mtoto akikataa kusema uongo alioamrishwa na mkubwa wake, tusimwite mkaidi, asije akajifunza kuacha kweli ili asifiwe utii.