KUTEMBEA KWA MIGUU PORINI GOTU



Watu wengi wakisikia habari za wanyama wa Isiolo hufikiri juu ya Buffalo Springs na Shaba tu, ambako mgeni hutazama wanyama akiwa ndani ya motokaa. Leo nawaletea habari za Gotu, kandokando ya mto Uaso Nyiro. Hapo ipo hifadhi ya jamii iitwayo Nakuprat-Gotu, na mgeni aweza kutembea porini kwa miguu, akiongozwa na walinzi ambao ni wenyeji wa nchi hiyo.

Lakini jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: nchi hiyo si pori lisilo na mwenyewe. Ni malisho ya Waborana na Waturkana, watu waliowahi kugombania majani na maji, na ambao sasa wanaitunza hifadhi moja. Kwa hiyo ukikuta ng'ombe au ngamia wakinywa mtoni, ngoja mpaka wamalize. Msalimu mchungaji kabla ya kuuliza njia. Kwa Waborana salamu ni “nagaa”, maana yake amani.

Katika matembezi utaona twiga, choroa, swala twiga na, ukijaliwa, punda milia wa Grevy. Huyu ana milia myembamba, tumbo jeupe na masikio mapana ya mviringo. Alipewa jina la Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, aliyepelekewa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Siku hizi waliobaki porini duniani kote ni wapatao 3,000 hivi, na wengi wao wamo Kenya. Basi usiwafukuze ili kupata picha. Katika kiangazi, mnyama aliyetimuliwa majini aweza kupoteza mtoto wake.

Sasa, juu ya usalama. Ondokeni alfajiri, kabla ya jua kali, na kila mtu achukue maji ya kutosha. Mfuatane mmoja mmoja nyuma ya kiongozi, bila kelele. Kiongozi akiinua mkono, simameni. Yeye hutimua vumbi kidogo ili ajue upepo unavuma kutoka wapi, maana tembo hunusa kabla ya kuona. Kamwe usipite kati ya tembo na mtoto wake, wala usimkimbie simba, kwa kuwa akimbiaye hufukuzwa. Vichaka vya mikoma kando ya mto huficha nyati, na majini mna mamba. Tena mto waweza kufurika ghafula hata kama Gotu hakuna wingu, kwa sababu maji yake hutoka mlima Kenya na Nyandarua.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Hata hivyo, fedha hazimrudishi marehemu, na wenyeji ndio wanaolala karibu na wanyama hao kila usiku.

Kwa hiyo, mgeni anayekwenda Gotu na alipe ada ya hifadhi pasipo kunung'unika, na amtii kiongozi wake. Wanyama wako hai mpaka leo kwa sababu wachungaji wamekubali kuishi nao. Tusiwafanye wajute.