Waliopiga Kura na Wasioulizwa: Jimbo la South Carolina na Vita vya Marekani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia wakati wa semina ya siku mbili. Tumeyachapa kwa sababu vikundi kadhaa viliomba nakala.)



Jana tulizungumza juu ya uamuzi katika kikundi: nani anaamua, nani anaulizwa, na nani analipa mambo yakiharibika. Mama mmoja akauliza hivi: uamuzi ambao wote wameunyoshea mkono, unaweza kuwa mbaya kweli? Ningeweza kujibu kwa mfano wa hapa kwetu, lakini najua mngeanza kutazamana mkitafuta ni nani anayesemwa. Kwa hivyo nimechagua mfano wa mbali na wa zamani. Tutakwenda Marekani, katika jimbo la South Carolina, mwaka wa 1860.

Jimbo lenyewe

South Carolina liko kusini mashariki mwa Marekani, kando ya bahari ya Atlantiki. Mji wake mkuu ni Columbia, na bandari yake kubwa ni Charleston. Wakati huo lilikuwa na watu wapatao 703,000. Kati yao zaidi ya 402,000 walikuwa watumwa, watu weusi wenye asili ya Afrika. Fanyeni hesabu: katika kila watu 100, watu 57 walikuwa mali ya mtu mwingine. Waliweza kuuzwa kama vile sisi tunavyouza ng'ombe sokoni, mama kando na mtoto kando. Walilima pamba, na pwani walilima mpunga wakisimama ndani ya maji na matope.

Na ni nani aliyetawala? Ili mtu awe mbunge wa jimbo, sheria ilidai awe na mali ya kutosha, ardhi au watumwa. Mwananchi wa kawaida, hata akiwa mzungu, hakupiga kura ya rais. Mwaka huo wa 1860 South Carolina lilikuwa jimbo pekee ambako wabunge ndio waliowachagua wale waliompigia rais kura. Kwa hivyo matajiri walikuwa wamezoea kusema "sisi watu wa South Carolina" huku wakimaanisha wenyewe.

Uamuzi

Mwezi wa Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais wa Marekani. Lincoln hakuwa amesema atafuta utumwa katika majimbo ya kusini. Alisema tu kwamba usienezwe katika nchi mpya za magharibi. Lakini wenye mashamba makubwa waliona mbali. Walijua kitu kikizuiwa kukua, siku moja kitakufa.

Bunge la jimbo likaita mkutano maalum. Wajumbe walikutana Columbia tarehe 17 Desemba, kisha wakahamia Charleston kwa kuogopa ugonjwa wa ndui. Tarehe 20 Desemba 1860 walipiga kura ya kujitenga na Marekani. Waliokubali walikuwa 169. Waliokataa hakuna hata mmoja. Kengele zililia na watu wakacheza barabarani usiku kucha.

Sasa mama yangu uliyeuliza swali, ona hapo. Mikono 169 na hakuna pingamizi. Lakini ni mikono ya nani? Karibu wajumbe wote walikuwa wenye watumwa. Wanawake hawakuwamo. Wazungu maskini walikuwa wachache sana. Na wale watu 402,000 hakuna aliyefikiria hata kuwauliza. Ukiwaacha zaidi ya nusu ya watu nje ya mlango, si vigumu kupata umoja ndani ya chumba.

Lakini mgala muue na haki yake umpe. Wazungu wengi maskini wasio na mtumwa hata mmoja walishangilia pia. Walikuwa wameambiwa miaka mingi kwamba watumwa wakiachwa huru watalipiza kisasi, na kwamba mzungu maskini atapoteza ile heshima ndogo aliyo nayo. Hofu ni mbolea ya uamuzi mbaya. Mtu mwenye hofu hasomi anachowekea sahihi.

Sababu waliyoiandika wenyewe

Hadi leo mtu anaweza kukuambia kwamba South Carolina lilijitenga kutetea haki za majimbo, au kwa sababu ya kodi. Kodi ya bidhaa za nje kweli iliwahi kuleta ugomvi mkubwa, lakini hiyo ilikuwa mwaka wa 1832. Mwaka wa 1860 wajumbe wenyewe waliandika tamko la sababu zao, nalo lipo, linasomeka. Tarehe yake ni 24 Desemba, mkesha wa Noeli.

Linasema nini? Linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Linalalamika kwamba huko kaskazini utumwa unaitwa dhambi, na kwamba rais aliyechaguliwa ni adui wa utumwa. Angalieni vizuri: majimbo ya kaskazini yalikuwa yametunga sheria zao wenyewe za kumlinda mtoro. Yaani yalikuwa yanatumia haki zao za majimbo, na South Carolina ikachukizwa! Kumbe haki waliyoitetea ilikuwa ile ya kummiliki mtu.

Ndiyo maana mimi huwaambia waandishi wa vikundi: andikeni kumbukumbu za mkutano na mzihifadhi. Miaka ikipita watu hubadilisha hadithi, lakini karatasi inabaki pale pale.

Mizinga

Majimbo mengine sita ya kusini yakafuata kabla ya siku 45 kwisha. Yakaungana na kufanya serikali yao, rais wao akiwa Jefferson Davis. Lakini katika mlango wa bandari ya Charleston palikuwa na ngome ya serikali ya Marekani iitwayo Fort Sumter, na askari wake walikataa kuondoka. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861, saa kumi na nusu, mizinga ya watu wa kusini ilianza kuipiga. Baada ya saa 34 hivi ngome ilisalimu amri. Hakuna askari aliyeuawa katika mapigano hayo, na watu wa mji wakadhani vita ni mchezo wa kutazama kutoka juu ya nyumba.

Vita hivyo viliendelea miaka minne. Majimbo yaliyojitenga yalifika 11. Waliokufa pande zote mbili si chini ya 600,000. South Carolina peke yake ilipoteza askari wapatao 18,000 au zaidi, na katika jimbo dogo kama lile hiyo ni karibu kila ukoo kuwa na matanga. Mwaka wa 1862 serikali ya kusini ililazimisha vijana kuingia jeshini. Miezi michache baadaye ikatunga sheria nyingine: shamba lenye watumwa 20 au zaidi, mzungu mmoja aruhusiwe kubaki nyumbani kulisimamia. Je, mkulima maskini asiye na mtumwa alisimamiwa shamba lake na nani? Mke wake na watoto wake. Februari 1865 sehemu kubwa ya mji wa Columbia iliteketea kwa moto, ile ile Columbia ambako mkutano ulianzia.

Wasioulizwa walifanya nini?

Hapa ndipo napenda sana mnisikilize, kwa sababu vitabu vingi huwaacha hawa. Watumwa hawakukaa wakingoja kuokolewa.

Kulikuwa na kijana aitwaye Robert Smalls, mtumwa, mshika usukani wa meli ya mvuke iitwayo Planter ambayo ilibeba silaha za jeshi la kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wazungu walikwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha moto wa meli, wakapitia mahali fulani kuwachukua wake na watoto, wakaelekea baharini. Alivaa kofia ya nahodha, na kila walipopita ngome alipiga filimbi kwa ishara zile anazozijua. Hata Fort Sumter waliipita. Walipokaribia meli za serikali ya Marekani, wakapandisha shuka nyeupe. Meli nzima, silaha na jamaa zao wakawa huru.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Harriet Tubman, mama aliyekuwa ametoroka utumwani miaka ya nyuma, aliongoza askari katika mto Combahee wa jimbo hilo hilo, na watu zaidi ya 700 wakatolewa utumwani kwa usiku mmoja. Wanaume weusi wa South Carolina zaidi ya 5,000 waliingia katika jeshi la Marekani.

Na sisi Kanisa?

Hili siwezi kuliruka, maana tunasoma gazeti la Kanisa. Askofu Mkatoliki wa Charleston wakati huo, Patrick Lynch, alikuwa na watumwa. Fort Sumter ilipoanguka, wimbo wa shukrani uliimbwa katika kanisa kuu. Mwaka wa 1864 serikali ya kusini ilimtuma Roma akaitetee. Papa Pius wa Tisa alimpokea kama askofu, lakini hakumkubali kama balozi. Na kumbukeni, Papa Gregori wa Kumi na Sita alikuwa amelaani biashara ya watumwa tangu 1839. Kwa hivyo neno lilikuwepo, ila kwa mtu aliyekula matunda ya utumwa lilikuwa gumu kusikika. Kiongozi wa dini naye ni mtu, na anaweza kubariki uamuzi mbaya. Tuwaheshimu viongozi wetu na bado tuwaulize maswali.

Ardhi na kura

Visiwa vya pwani ya South Carolina vilitekwa na jeshi la Marekani mapema, Novemba 1861. Wenye mashamba walikimbia wakawaacha watumwa wapatao 10,000. Hao wakaanza kujilimia na kusoma. Mwaka wa 1862 shule ilianzishwa katika kisiwa cha St. Helena. Mashamba yalipopigwa mnada kwa sababu ya kodi, baadhi yao walichanga pesa kidogo kidogo wakanunua pamoja. Kwa maneno yetu hicho ni kikundi cha kujisaidia.

Januari 1865 Jenerali Sherman aliamuru mashamba ya pwani yagawanywe kwa waliokuwa watumwa, hadi ekari 40 kwa kila jamaa. Lakini kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamuru sehemu kubwa ya ardhi hiyo irudishwe kwa wenyewe wa zamani. Waliopewa kwa amri walinyang'anywa kwa amri. Waliokuwa wamenunua na kupata hati, wengi wao walibaki.

Mwaka wa 1868 South Carolina lilipata katiba mpya, na safari hii wajumbe weusi ndio waliokuwa wengi. Robert Smalls alikuwa mmoja wao. Katiba ile ilileta shule za umma kwa watoto wote na ikafuta masharti ya mali kwa wabunge. Maskini wa kizungu naye alifaidika. Lakini wenye nguvu wa zamani walirudi, kwa vitisho na mauaji, na katiba ya 1895 ikawanyima watu weusi wengi kura. Smalls, sasa mzee, alisimama mkutanoni akapinga. Alishindwa. Iliwachukua wajukuu wao hadi 1965 kupata sheria ya kuilinda kura yao. Na bendera ya vita ya majimbo yaliyojitenga iliondolewa katika uwanja wa bunge la Columbia Julai 2015 tu, baada ya watu weusi tisa kuuawa kanisani Charleston wakiwa katika mafunzo ya Biblia.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: ndiyo mama, wote waliomo chumbani wanaweza kukubaliana na wakakosea. Kabla ya kuhesabu mikono, hesabu viti. Nani hayupo? Mjane? Kijana asiye na shamba? Kibarua? Na ukiambiwa jambo fulani ni "kwa ajili yetu sote", omba liandikwe, kisha lisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika mkutano wetu wa mwisho, ni nani aliyeguswa na uamuzi na hakuwepo?
2. Je, kuna uamuzi tuliowahi kuufanya kwa sababu ya hofu? Ni nani aliyetutia hofu hiyo, na alipata faida gani?
3. Kumbukumbu za kikundi chetu ziko wapi, na ni nani anayeweza kuzisoma?
4. Shamba au mali ya kikundi chetu ina hati, au ni ahadi ya mtu tu?