Mpiga Kanuni Haokotwi Njiani

Msikilizaji, Februari ya mwaka 2016 ilipita Mji Mkongwe wa Zanzibar bila tamasha la muziki la Sauti za Busara. Tamasha hilo, lililoanza 2004, lilikosa fedha mwaka huo wa 2016. Walioumia si wapenzi wa muziki peke yao. Tamasha likivuma Ngome Kongwe, nyumba za wageni hujaa, madereva wa teksi hukesha, muuza urojo Forodhani huongeza sufuria, fundi cherehani hupata oda za madera. Hawapandi jukwaani, lakini riziki yao ya siku hizo hutoka pale pale jukwaani.

Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa ni huyu anayepanda: katoka wapi?

Mpiga kanuni haokotwi njiani. Hukaa na chombo hicho cha nyuzi miaka, na mwalimu pembeni. Kazi hiyo ya kufundisha, vikundi vyetu vya taarab vimeifanya muda mrefu: Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Mwaka 2002 kikaja Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha udi, kanuni, fidla na ngoma zetu. Mwimbaji Siti Amina amepita hapo. Wamepita pia vijana ambao jioni huwasikia wageni wakiwapigia makofi kwenye hoteli za ufukweni.

Na bado, mwaka 2019, chuo hicho kilikaribia kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili wa nje zilikatika.

Hapo ndipo ninapoumia. Hoteli inauza usiku wa taarab, mgeni analipa kwa dola, msanii anaambulia ujira wa usiku mmoja, na aliyemfundisha hapati hata senti. Vitanda tunavihesabu, ndege tunazihesabu, lakini ile miaka ya mafunzo haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Tukiambiwa utamaduni ujitegemee, nami nasema: unategemewa, na wanaoutegemea hawajalipa.

Pa kuanzia papo. Zanzibar tayari mgeni hutozwa ada ya miundombinu kwa kila usiku anaolala. Sehemu ya ada hiyo itengwe kwa vyuo na vikundi vinavyofundisha. Hoteli inayoalika wanamuziki nayo ibebe karo ya angalau mwanafunzi mmoja. Tena isitolewe kama sadaka mtu akijisikia; ilipwe kila mwezi, kwa risiti, kama inavyolipwa bili ya umeme.