Maneno ya Mkopo na Nasaba ya Lugha: Funzo la Kibrahui



Mjadala kuhusu asili ya Kiswahili umetushughulisha kwa miaka mingi. Wako waliohesabu maneno yetu yenye asili ya Kiarabu, kisha wakatoa hukumu. Leo naomba tuupime mwenendo huo kwa kuichunguza lugha nyingine iliyokopa sana, yaani Kibrahui, kinachozungumzwa Baluchistan nchini Pakistan, hasa katika nyanda za juu za Kalat.

Kibrahui ni lugha ya Kidravidi, jamaa ya Kitamil na Kitelugu za kusini mwa India. Hata hivyo, kimezungukwa na lugha za nasaba nyingine, na msamiati wake umejaa maneno ya Kibaluchi, Kiajemi, Kiarabu na Kisindhi. Tazama namba zake: moja hadi tatu, asit, irat, musit, ni za Kidravidi, kuanzia nne, zimekopwa. Sisi tusemao sita, saba na tisa hatuna haja ya kustaajabu.

Je, nasaba yake ilitambuliwaje? Kwa ulinganifu wa sauti na sarufi. Jicho kwa Kitamil ni kan, na jiwe ni kal. Kwa Kibrahui ni khan na khal. Sauti k ya mwanzo, ikifuatwa na irabu a, imegeuka kuwa kh, na mgeuko huo hujirudia kwa utaratibu. Nafsi ya pili umoja ni ni katika lugha zote mbili. Aidha, kitenzi cha Kibrahui kina mnyambuliko wake wa ukanushi, kama ilivyo desturi ya Kidravidi. Sarufi ya Denys Bray ya 1909 na uchambuzi linganishi wa M. B. Emeneau wa 1962 viliimarisha hoja hizo.

Sisemi kwamba ujirani hauachi alama. Kibrahui hakina irabu fupi e na o zilizokuwamo katika Kidravidi-mame. Kibaluchi nacho hakina. Wakati huohuo, kina kikwamizo kisicho ghuna kinachotamkwa kwa kupitisha hewa pembeni mwa ulimi, sauti ambayo majirani zake hawana.

Basi maneno ya mkopo yana kazi gani? Hayo ni kalenda. Wengine hudai kwamba Wabrahui ni masalia ya Wadravidi waliokaa hapo tangu kale. Wapinzani wao hujibu kwamba mikopo ya Kiirani katika Kibrahui imetoka hasa katika Kibaluchi, lugha inayodhaniwa kufika eneo hilo yapata miaka elfu moja iliyopita. Tabaka kongwe zaidi halionekani. Kwa hiyo, wanasema, huenda Wabrahui walihamia hapo baadaye. Mjadala haujafungwa, lakini tazameni jinsi mikopo inavyotueleza ni lini watu walikutana, bila kutueleza walizaliwa na nani.

Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha lugha hii miongoni mwa zile zilizo hatarini. Wasemaji wake wengi huzungumza pia Kibaluchi au Kiurdu, na neno la kale likisahauliwa, ushahidi hupotea pamoja nalo. Wanafunzi wangu, mnapokusanya msamiati wa lugha zetu ndogo, msiyatupe maneno ya kigeni kwa kuyaonea haya, wala msiyafanye hati ya kuzaliwa. Yaandikeni yote, kila moja na tabaka lake.