Kilomita Zilizobaki: Gari Hujuaje?

(Mazungumzo yaliyotolewa Lucky Summer, Nairobi, mbele ya vikundi vya kujisaidia vya mtaa na wageni wao kutoka mashambani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

Mwenyekiti aliniambia nizungumze juu ya gari la kikundi, na nikamwuliza, nianzie wapi, maana gari ni shamba kubwa. Akasema, "Anzia pale ulipotuaibisha." Basi nitaanzia hapo hapo.

Wengi wenu mnajua kisa, lakini wageni hawajui. Kikundi chetu kilikuwa kimempoteza mwanachama, na tukapanga kumsafirisha nyumbani, upande wa Ahero. Tulitoka hapa saa mbili usiku na gari la kikundi, jeneza ndani, watu wanane na masufuria ya kupikia wageni. Dereva alikuwa ni mimi. Gari hilo ni lile la kuagizwa kutoka Japani, na mbele ya dereva kuna kioo kidogo chenye nambari. Nambari hiyo inakuambia: mafuta uliyo nayo yatakupeleka kilomita kadha wa kadha. Mimi niliipenda sana. Niliona ni kama mtu mwaminifu anayekaa kando yangu.

Pale Limuru ilisema 190. Tukapita Kimende, tukateremka mpaka Naivasha, na sasa sikilizeni: tulipofika Naivasha ilisema 215! Tumetembea kilomita nyingi, halafu zilizobaki zimeongezeka. Badala ya kushangaa, mimi nilifurahi. Nikapita kituo cha mafuta. Nakuru ikasema 118. Nikafikiri, Kericho ni kama kilomita 100 hivi, nitajaza huko, tusipoteze muda. Salgaa, mahali malori yanapolala na mafuta ni tele, ikasema 64. Nikapita tena. Ndipo mlima ulipoanza. Nambari ikaanza kukimbia: 50, 31, 18, kisha ikawa vistari vitupu. Kabla ya Mau Summit gari likakohoa na kunyamaza.

Saa nane ya usiku, jameni. Baridi ya huko mnaijua. Mjane amekaa kando ya jeneza la mumewe, hasemi neno, na malori yanapita karibu mpaka gari linatikisika. Kijana mmoja alipanda lori kurudi Salgaa na mtungi, akachukua zaidi ya saa mbili. Tulifika bomani saa tano, watu wametungoja tangu alfajiri. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana.

Basi nilipotulia nilienda kwa fundi, nikamwuliza: hii nambari ilinidanganyaje? Akacheka. Akasema, haikudanganya, wewe ndiwe hukujua inasema nini. Na hilo ndilo nataka tulielewe leo.

Gari halina macho ya kuona barabara iliyo mbele. Lina mambo mawili tu ya kuhesabia. La kwanza ni mafuta yaliyomo. Ndani ya tangi kuna boya, kitu chepesi kinachoelea juu ya mafuta kama kibuyu juu ya maji ya pipa. Boya limefungwa kwenye mkono wa chuma, na mafuta yakipungua mkono unashuka. Ule mkono unaposogea unabadilisha nguvu ya stima inayopita kwenye waya, na hiyo stima ndiyo inayosogeza mshale wa geji au kuiambia kompyuta ya gari kiasi kilichomo. Ni hivyo tu. Sasa fikirieni: tangi si ndoo iliyonyooka. Limepindwapindwa ili likae chini ya viti, pana hapa, jembamba pale. Watengenezaji hujaribu kulisawazisha jambo hilo, lakini nusu ya geji si lazima iwe nusu ya lita. Na gari likiegeshwa kwenye mteremko mafuta yanaenda upande mmoja, boya linasoma juu sana au chini sana.

La pili ni jinsi gari lilivyokuwa likila siku zilizopita. Kompyuta inajua kila mara noze zinapofunguka kunyunyiza mafuta kwenye injini, na zinafunguka kwa muda gani. Inajua pia magurudumu yamezunguka kiasi gani. Kwa hivyo inaweza kusema, kwa mwendo uliopita hivi karibuni, lita moja ilitoa kilomita 12. Halafu inazidisha. Lita 10 kwa 12, ni 120. Inakuandikia 120.

Mmeona sasa? Nambari hiyo ni habari ya barabara uliyokwisha kuipita, imevikwa nguo za barabara iliyo mbele. Mimi nilipoteremka kwenda Naivasha, mguu haukuwa kwenye aksileta, na gari la siku hizi likiwa kwenye gia ukiachia mguu, noze hufungwa kabisa. Kilomita zinakwenda, mafuta hayaendi. Kompyuta ikaona, ah, gari hili halili kitu! Ikaongeza. (Tafadhali msinisikie vibaya. Sijasema mteremke bila gia. Hapo injini inaendelea kula, na breki zinabaki peke yake kulishika gari. Ni hatari.) Halafu tulipoanza kupanda na ule mzigo, lita ikatoa kilomita 6 au 7 badala ya 12. Lita 10 zile zile zikawa 60 au 70.

Kila gari lina mtindo wake. Mengine huangalia kilomita chache zilizopita, na hayo nambari yake huruka juu na chini kama panzi. Mengine huchanganya mwendo mrefu, nambari inatulia lakini inachelewa kutambua mlima. Hakuna lililo bora kwa kila safari.

Sisi wa hapa tunaona jambo lingine kila siku. Ukitoka Lucky Summer ukaingia Outering Road jioni, ukasimama kwenye jamu nusu saa, nambari inashuka na hujasogea. Watu husema gari limeharibika, au mafuta yameibwa. Sivyo. Injini ikinguruma mahali pamoja inakula kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kilomita ni sufuri. Kisha ukifika Thika Road na njia ikafunguka, nambari inapanda kidogo. Si uchawi.

Sasa kuna tabia yetu ambayo kompyuta haiielewi vizuri, ya kununua mafuta ya mia tano. Tuseme lita ni shilingi 180. Mia tano inakupa lita 2.8 hivi. Magari mengi, ukiongeza kidogo namna hiyo, na hasa kama hukuzima switchi, nambari haibadiliki upesi au haibadiliki kabisa. Unaanza kubishana na mhudumu wa pampu kwamba amekupunja, na pengine mafuta yameingia sawasawa. Tazama lita kwenye mashine ya pampu, zizidishe wewe mwenyewe. Na tusitumie shilingi kama kipimo. Bei hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo mia tano ya mwezi huu si lazima iwe mia tano ya mwezi ujao.

Wengine wataniambia, lakini ikifika sufuri huwa bado kuna mafuta kidogo. Ni kweli, watengenezaji wengi huacha akiba. Lakini ni kiasi gani? Inatofautiana, na boya lililozeeka linaweza kukuonyesha akiba isiyokuwepo. Tena pampu ya magari mengi ya petroli imo ndani ya tangi, na mafuta yale yale ndiyo yanayoipoza. Ukizoea kutembea na tangi karibu tupu unaiua pampu pole pole. Wenye dizeli nao, likiisha hewa inaingia kwenye mabomba, na mara nyingi kutia mafuta peke yake hakutoshi. Lazima hewa itolewe, na huko porini usiku fundi ni nani?

Baada ya safari ile kamati iliniita. Tuliamua kufanya jambo moja ambalo halina gharama. Jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, andika maileji. Tembea kazi zako. Jaza tena vile vile, kwenye pampu ile ile ikiwezekana, andika maileji na lita ulizotia. Mara ya kwanza daftari letu lilikuwa 84,210, mara ya pili 84,546. Tofauti ni 336. Lita zilikuwa 28. Gawanya, unapata 12. Hiyo ni ya mjini na gari jepesi. Safari ya mashambani tukiwa tumejaa tulipata 8. Sasa tunapopanga safari tunatumia 8, hata kioo kikisema nini, na geji ikifika robo tunaita tupu.

Mama mmoja aliuliza, na watu wa boda boda je? Pikipiki nyingi hazina nambari hii. Zile za kabureta zina kile kiswichi cha rizavu karibu na tangi, na hiyo ni habari ya kweli zaidi, kwa sababu injini ikikohoa unajua umeingia akiba. Lakini wengi huacha kiswichi kwenye rizavu siku zote, wakaja kusukuma. Ukishajaza, kirudishe. Za betri, ambazo sasa mnaziona Nairobi kila upande, zinakisia vile vile kama gari langu, na abiria wawili kwenye mlima watazishangaza vile vile.

Kijana wa nyuma ameuliza kama nimewahi kurudi Ahero. Nimerudi. Nilijaza Nakuru, nikaongeza Kericho. Mjane alikuwa nasi, tukicheka naye, na tulipopita Mau Summit aliinama akatazama dashibodi kabla yangu.

Daftari liko hapa mezani kwa mweka hazina. Wageni wanaotaka kunakili mistari yake waje na kalamu, chai bado haijaiva.