Fimbo na Fedha za Rabi Yoshua

 

Sisi tuishio mpakani twaijua taabu ya saa. Hapa Tunduma ikiwa saa tatu asubuhi, ng'ambo ya pili, Nakonde, ni saa mbili. Mfanyabiashara mwenye busara hapangi miadi na mwenzake wa Zambia kabla ya kuuliza: kwa saa ya nani? Leo nawasimulia habari ya walimu wawili wa Kiyahudi waliotofautiana kwa siku nzima, nayo ilikuwa Siku ya Upatanisho, ambayo Myahudi hufunga na kuacha kazi zote.

Habari hii imo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200. Hekalu lilikwisha kubomolewa mwaka 70, na baraza la walimu lilikuwa Yavne, chini ya Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli aliyemfundisha Mtume Paulo. Mwezi ulianza mashahidi walipothibitisha mbele ya baraza kwamba wameuona mwezi mwandamo. Wakaja wawili wakidai wameuona, ingawa usiku uliofuata haukuonekana. Gamalieli akawakubali. Rabi Yoshua akasadiki kwamba hesabu imekosewa, nami sioni jinsi ya kumlaumu.

Ndipo Gamalieli akamwagiza aje kwake na fimbo yake na fedha zake, siku ileile ambayo kwa hesabu ya Yoshua ilikuwa Siku ya Upatanisho. Agizo zito! Mtu alitakiwa kuivunja hadharani siku ambayo dhamiri yake iliishika kuwa takatifu. Yoshua akahuzunika sana. Rabi Akiva akamweleza kwamba Torati imewakabidhi wanadamu kazi ya kutangaza sikukuu. Baraza likishatangaza, imekuwa. Rabi mwingine akamwonya kwamba wakilihoji baraza hili, itawabidi kuhoji kila baraza tangu Musa. Yoshua akashika fimbo na fedha, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa utii.

Ndivyo sheria ya Kiyahudi ilivyokata shauri: wengi wakishaamua, hata aliyepinga hufuata. Lakini rai yake haifutwi. Mishna huiandika kando ya ile iliyoshinda, ili baraza la baadaye liweze kuitegemea. Na kati ya shule ya Hillel na ile ya Shammai, Talmudi yasema sheria ilifuata ya Hillel kwa kuwa wafuasi wake walikuwa wapole, wakataja hoja za wapinzani kabla ya zao.

Siku hizi Wayahudi hawana baraza moja linalokubaliwa na wote. Kwa jirani zetu wa Uganda, jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi walipokewa rasmi mwaka 2002 na marabi wa tawi moja. Marabi wengi wa Kiothodoksi hawautambui uamuzi huo.

Tumrudie Gamalieli, maana habari yake haikuishia kwenye busu. Baadaye walitofautiana tena, juu ya sala ya jioni, naye akamwacha Yoshua amesimama mbele ya watu huku yeye akiendelea kufundisha. Watu wakachoka, wakamwondoa katika uongozi. Akaenda nyumbani kwa Yoshua kuomba radhi, akakuta kuta nyeusi kwa masizi. Kumbe mwenzake alijipatia riziki kwa makaa! Miaka yote hiyo hakuwa amejua.

Vigango vyetu hugawanyika kwa mambo madogo zaidi: kanisa lijengwe upande gani wa barabara, mchango uwe kiasi gani. Aliyeshindwa kwa kura huacha kuja jumuiya. Walioshinda humwita adui wa maendeleo. Basi, wenyeviti wa halmashauri za walei, kabla ya kura mtakeni kila msemaji aeleze kwanza hoja ya mwenzake, hata mwenzake akiri kwamba ndivyo alivyosema. Makatibu, andikeni rai zote mbili. Nanyi mliokwisha kumshinda mtu, nendeni nyumbani kwake kabla ya Jumapili ijayo, mkatazame kuta zake zina rangi gani.