Tutapasuliwa wapi?

Maneno ya komite ya afya mbele ya wanachama na wafadhili, Rumangabo



Tunaanzia pale mkutano uliopita uliishia, kwenye ubishi. Wengi walisema: pesa imefika, tujenge chumba cha upasuaji hapa hapa kwetu, tusiteseke tena na barabara. Tunawaelewa. Tulirudi toka Kanyaruchinya na Bulengo tukakuta nyumba bila mabati, mashamba imeota majani. Kuwa na kitu chetu ni heshima. Lakini komite haikubali, na tunaomba mutusikilize mpaka mwisho.

Kuna jambo lenye lilihesabiwa zamani. Mwaka 1979 kule Marekani, Harold Luft na wenzake walitazama upasuaji wa namna 12 katika hospitali 1,498. Kwa upasuaji mkubwa kama ule wa moyo, hospitali zenye ziliufanya mara 200 ao zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 mpaka 41 kuliko zile ndogo. Mwaka 2002, John Birkmeyer na wenzake walihesabu tena. Kwa kukata kongosho, mahali kazi hiyo inafanywa mara chache sana, walikufa karibu wagonjwa 16 kwa 100. Mahali inafanywa sana, karibu 4.

Mutasema, kongosho inatuhusu nini sisi wa Rumangabo? Ngojeni.

Si mkono wa munganga peke yake. Ni mwenye kulaza mugonjwa usingizi, ni damu kuwa tayari, ni muuguzi wa usiku mwenye anajua kuona kama mapigo yamebadilika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulifuata wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika. Vifo vilikuwa mara mbili ya kipimo cha dunia, na karibu wote waliokufa walikufa kisha kutoka kwenye meza, kule kitandani. Chumba chenye kinafunguliwa mara mbili kwa mwezi hakiwezi kuwa na macho ya usiku.

Munamujua mama yetu mwenye alikuwa anavuja mkojo kisha kuzaa. Alishonwa mahali padogo, hatupataji jina, mahali kazi hiyo haifanywi sana. Ilifunguka. Alipofika Goma, makovu yalikuwa magumu tayari, akapasuliwa tena mara mbili. Waganga wa fistula wanasema mushono wa kwanza ndio wenye bahati kubwa kupita yote. HEAL Africa pale Goma, na Panzi kule Bukavu toka 1999, wanashona wamama wengi. Mikono yao imezoea. Yule mama angeanzia kule! Sisi chama hatukumupa pesa ya njia. Hilo ni kosa letu, tunalisema mbele yenu.

Sasa upande wa pili, maana si kila kitu kinangoja. Mimba iliyokwama haingoji gari ya kesho. Watalamu wa jarida la Lancet mwaka 2015 walitaja kazi tatu zenye kila mutu anapashwa kufikia ndani ya saa mbili: kuzalisha kwa kupasua, kufungua tumbo, na kutengeneza mufupa uliovunjika wenye umetoboa ngozi. Kwa hizo, hospitali kuu ya Rutshuru iko kwenye barabara yetu, na wanazifanya kila mara. Ngiri yenye haijafunga inaweza kungoja siku ya soko. Ile yenye imefunga, hapana, ni kukimbia usiku ule.

Na wingi nao una mwisho. Januari 2025 hospitali za Goma, Ndosho kati yao, zilijaa majeruhi mpaka chini. Hakuna mutu alifurahia wingi ule.

Basi tunaomba wafadhili wakubali pesa ya jengo igeuke kuwa pesa ya njia: moto ao gari usiku, chakula cha mwenye kulinda mugonjwa, na siku za kulala pale kisha upasuaji. Na kila mugonjwa wetu, ao ndugu yake, aulize bila haya: "Kazi hii mulifanya mara ngapi mwaka huu?" Munganga muzuri hatakasirika.

Kura ni mkutano ujao. Muje na vitabu vya uanachama, na wale wa kutaka jengo waje na hesabu yao ya mishahara ya wauguzi wa usiku.